Efraimu Silwimba na Boti Yake ya Chumvi: Ivuna, 1902–1955

Marehemu Efraimu Silwimba, ambaye leo tumekusanyika hapa Ivuna kumsitiri, alizaliwa Tunduma tarehe 3 Machi 1902, mtoto wa kwanza wa Mzee Jonasi Silwimba na mama Marta Namwinga. Tarehe hiyo baba yake aliiandikisha kwa mwalimu wa misheni, kwa hiyo asitokee wa kuibishia. Mdogo wake Ezron, anayesoma wasifu huu, alimfuata miaka minne baadaye na hakuwahi kumshinda kwa ubishi hata siku moja.

Alisoma shule ya misheni Mbozi tangu 1912 hadi 1915, vita vilipofunga shule. Alitoka akijua kusoma, kuandika na hesabu za kugawanya, na hizo za kugawanya ndizo alizozipenda mno. Ukimpa muwa mmoja na watu watano, atakata kwa haki mpaka walafi wachoke kusubiri.

Tarehe 7 Agosti 1926 alifunga ndoa na Tupokigwe, binti wa Mzee Abrahamu Kibona wa Ibaba. Ilikuwa ndoa njema, na ugomvi wao mkubwa ulikuwa mmoja tu. Tupokigwe hakukubali kamwe kupanda chombo cha majini. Alisema yeye ni mtu wa mlimani, na maji anayoyajua ni ya mtungini. Mumewe alimtania kwa jambo hilo miaka yote ya ndoa yao.

Mwaka 1931 marehemu alikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, akawekwa kwenye pampu ya kutoa maji shimoni. Huko ndiko alikojifunza mashine. Wenzake walisema aliweza kusikia plagi chafu akiwa bado njiani anakuja kazini. Mwaka 1937 alirudi na mashine aliyouziwa na mchimbaji aliyekuwa akifunga kazi, akahamia Ivuna, akaifunga kwenye boti ya mbao. Akaanza kuvusha chumvi ng'ambo ya Ziwa Rukwa, upande wa machimboni, ambako ilikuwa na wanunuzi wengi.

Watu walimshauri atafute mashine ya mvuke badala ya ile, maana kuni ni za bure, ilhali mafuta ya taa ya mashine yake hushushwa na lori Mlowo, kisha huteremshwa kwa punda na kwa vichwa vya watu siku nne. Alikataa. Chumvi ya Ivuna hupikwa, na wapikaji ni akina mama wanaozitafuta kuni hizo hizo mbali. Alijibu kwa kifupi, "Nikila kuni zao, nitabeba nini?"

Basi akatumia mafuta ya taa, na akayatunza kama mbegu. Mashine aliiwasha kwa petroli kidogo, ikishapata moto ndipo akaigeuzia mafuta. Ndani ya tangi alipimia kwa ufito alioutia alama kwa kisu. Alama tatu, safari ya kwenda na kurudi. Akikuta mbili, chombo hakitoki, hata umbembeleze vipi. Mchungaji mmoja alikaa Ivuna siku mbili akingojea madebe ya mafuta, akahubiri mara nne.

Kosa lake moja halifichiki, na mwenyewe hakulificha. Mwaka 1946, ili apate nafasi ya magunia mawili zaidi, alizitoa botini pondo zake mbili, ile miti mirefu ya kusukumia chombo. Mwenzake wa kazi, Yonathani, alimwonya, "Kaka, mashine inajua kwenda. Kukwama haijui." Marehemu akacheka, akazipeleka nyumbani Tupokigwe aanikie nguo.

Miaka ile ziwa lilianza kurudi nyuma. Tarehe 19 Oktoba 1948 boti ilitoka na magunia arobaini na mawili, haijafika mbali ikagusa chini. Marehemu aliongeza moto, matope yakavurugika, chombo kisisogee. Mafuta yalikuwepo, mashine ilikuwepo. Maji ndiyo yaliyokosekana. Yonathani alikwenda kwa miguu kuzifuata pondo, na alipofika nazo alasiri, upepo ulikuwa umeyasukuma maji yaliyobaki mbali nao. Hayakurudi tena. Walibeba chumvi ya watu kichwani siku tisa, wakaitoa yote. Mafuta waliyamimina kwenye madebe, wakaiburuta mashine na tangi lake hadi nyumbani, ikakaa chumbani chini ya gunia, na pondo zikarudi uani kuanikia nguo.

Tangu hapo kila mwezi alikwenda kuchomeka kigingi ukingoni mwa maji, na kila mwezi kigingi kilikuwa mbali zaidi. Mwaka 1951 Lwitiko wa Mlowo alikuja kuiomba mashine aendeshee kinu cha mahindi. Marehemu alimkaribisha, akamlisha, akamkatalia. Alisema, "Ziwa likirudi, nitaliambia nini?" Sisi ndugu tulimsihi, tukakasirika, tukanyamaza. Ilituuma sana kumwona akienda na vigingi vyake, na hatukuwa na la kufanya. Ziwa haliitwi kwenye baraza la ukoo.

Januari mwaka huu alishikwa na kifua. Alipelekwa zahanati, akapewa dawa, akarudi, akapelekwa tena. Kuanzia Mei hakutoka kitandani, na vigingi vikakoma. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Juni 1955, alimwomba mkewe achukue ufito, apime tangi. Tupokigwe alijua tangi ni tupu tangu mwaka ule wa kukwama. Hata hivyo aliinua gunia, akatia ufito, akautazama.

"Pakavu, baba Enesi."

Marehemu akasema, "Basi tutatumia pondo."

Tupokigwe akaketi kitandani karibu naye, akamshika mkono. "Haya. Safari hii na mimi nimo."

Alifariki kabla ya saa sita mchana.

Ameacha mjane, Tupokigwe; watoto watatu, Enesi, Barnaba na Aida; wajukuu sita; mdogo wake Ezron; na Yonathani, ambaye si wa damu lakini asiachwe kwenye orodha hii. Mashine bado ipo chumbani, na hatujui tuifanyie nini.

Tupokigwe amezing'oa pondo zake uani, na ndizo zilizofungwa chini ya jeneza. Mtakaobeba, zishikeni vizuri. Yonathani atatangulia. Ukingo wa maji uko mbali, hivyo tutamlaza pale kwenye kigingi chake cha kwanza.

Bwana ampe Efraimu pumziko la amani.