Saa ya Tata Tshimanga na Kipande cha Sabuni cha Mama Henriette

Tarehe 31 Machi 2010, baada ya miaka ishirini na mitano kwenye meza ileile ya dirishani, Mama Henriette Kabemba anastaafu kutoka karakana yetu ya saa hapa Manika, Kolwezi. Mimi, Stany Kabongo, nilikuwa msimamizi wake hadi mwaka 2000. Wasifu huu ameniomba niuandike yeye mwenyewe.

Alitoka Lubudi mwaka 1985. Mwalimu wake alikuwa mzee wetu Tata Tshimanga, mtu wa asili ya mkoa wa Kasai aliyezaliwa hapahapa Kolwezi, bingwa wa saa nyembamba za kutia ufunguo kwa mkono. Mashine ya saa hizo ina unene wa hostia chache za misa zilizolaliana. Mafuta yakizidi tone moja, hayana pa kukimbilia. Skrubu zake zinafanana kwa macho, lakini moja ikizidi nyingine urefu kwa unene wa unywele, inagusa gurudumu na saa inasimama.

Mama Henriette aliligundua hilo kwa aibu. Alibadilisha skrubu mbili, na saa ya mwalimu wa kwaya ikakubali kutembea ikilazwa kifudifudi tu. Mwenye saa alirudi akilalamika: “Mama, hii montre inasali kunipita mi! Mpaka ilale uso chini ndiyo itembee.” Karakana nzima ilicheka, na Tata Tshimanga akamfundisha desturi yake. Kila skrubu inayotolewa huchomekwa kwenye kipande cha sabuni ya kufulia, mahali palepale ilipokaa kwenye mashine. Kazi ikiisha, fundi huchora alama yake kwa sindano ndani ya mfuniko wa nyuma, ambapo ni fundi mwenzake tu atakayeiona. Lakini saa nyembamba Tata Tshimanga alizifunga mwenyewe. Mama Henriette hakuwa amechora alama kwenye hata moja.

Machi 1993 watu wa asili ya Kasai, hata waliozaliwa hapa, walifukuzwa mkoani kwetu kama wageni. Tata Tshimanga alitolewa nyumbani asubuhi, akakaa stesheni na familia yake wakingoja treni kwa wiki kadhaa. Saa yake mwenyewe ilibaki mezani, imefunguliwa, skrubu zake zimesimama kwenye sabuni. Mama Henriette aliifuata sabuni tundu kwa tundu, akaifunga saa, akaitia ufunguo, ikatembea. Chini ya alama za mwalimu wake akachora ya kwake. Alikuwa mjamzito na stesheni ilikuwa ya hatari, hivyo alinikabidhi mimi niipeleke.

Sikumfikia. Mlangoni pa stesheni niliwaona vijana wa mtaa wetu, walewale waliokuwa wakiwafukuza watu, wakimuuliza kila mtu anakwenda kumsalimu nani. Nilimwogopea mke wangu, niliogopea nyumba yangu, nikageuka. Karakanani, mbele ya wote, Mama Henriette aliniuliza kama mwalimu ameifungua saa na kuiona alama yake. Nikasema ameipokea, hakuifungua.

Kwa miaka kumi na saba amefundisha mafundi sita, na saa za mapadri hadi Dilolo zimepita mikononi mwake. Lakini kila alipofika mgeni kutoka Kasai, yeye alimuuliza habari za Tata Tshimanga. Nilimsikia akiuliza. Saa ilikuwa sandukuni mwangu.

Daktari haniahidi tena msimu mwingine wa mvua. Mwezi uliopita nilimwita Mama Henriette, nikamwekea saa mkononi, nikamweleza yote. Aliifungua, akaitazama alama yake. Kisha akasema: “Uliniambia mbele ya batu, chef. Basi uandike mbele ya batu.” Akiwa mlangoni akaongeza: “Ile sabuni, mi niko nayo mpaka leo.”

Basi nimeandika. Padri wetu aliulizia huko Kasai, akaletewa barua na Mianda, binti wa Tata Tshimanga. Baba yake yu hai, yuko Mwene-Ditu. Macho yamepungua, lakini bado anasoma alama kwa ncha ya kidole.

Mama Henriette, karakana inakushukuru, nami nakuomba radhi. Treni yako ya Mwene-Ditu itaondoka wiki ijayo. Tunakuombea njia nyeupe na miaka mirefu. Saa usiifungue tena njiani. Mwache mwalimu wako aifungue mwenyewe.