Papa Basile Lukumani, Mpima Maji wa Meli Marie-Jeanne (1938–2011)

Wapendwa ndugu, majirani wa Tshopo, nanyi wazee wa mtoni mliobaki: kabla hatujamshusha Papa Basile udongoni, familia imeniomba mimi, Claire, kitinda mimba wake, niwasomee maisha yake. Nitasoma polepole. Mwenyewe hakupenda watu wa kuharakisha maneno.

Papa alizaliwa tarehe 14 Mei 1938 katika kijiji cha wavuvi kando ya maporomoko, wakati mji huu ukiitwa bado Stanleyville. Baba yake alikufa maji mwaka 1946. Mama yake, Mama Safi, aliwalea Papa na mdogo wake wa pekee, Hubert, kwa kuuza samaki wakavu. Ndugu hao wawili walikuwa chanda na pete, na walipogombana hakuna jirani aliyethubutu kuamua, maana wangemgeukia yeye.

Papa alisoma kwa mapadri hadi darasa la tano, kisha akaacha kwa sababu kitabu hakikumpanda kichwani. Mwenye kichwa alikuwa Hubert. Aliingia shule ya ufundi, akatoka mwaka 1960 na cheti cha mekanisiani, yaani fundi wa mashine, pamoja na Kifaransa cha kutosha kuwatisha majirani. Papa alijivunia cheti hicho kana kwamba kimeandikwa jina lake.

Mwaka 1956 Papa aliajiriwa kwenye meli Marie-Jeanne, iliyokuwa ikisukuma matishari ya mizigo hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo. Alikuwa mpima maji: alisimama mbele kabisa na mti mrefu, akichoma mto, akimwambia nahodha kama mbele kuna kina au kuna mchanga. Uhuru ulipofika, nahodha Mzungu alishuka bila kuaga, akasahau kofia yake. Ilipita kichwa hadi kichwa, haikumkaa mtu, mwishowe mpishi, Papa Arthur, akaifanya kifuniko cha sufuria ya wali. Mwaka 1961 Hubert naye akapata kazi katika meli hiyo. Siku ya kuondoka Mama Safi aliwasindikiza bandarini, akamshika Papa mkono, akamwambia neno moja tu: “Muende wawili, murudi wawili. Mumoja sitaki.”

Agosti 1964 waasi waliuteka mji. Marie-Jeanne ilikuwa imetoka Yangambi siku hiyo, ikajiingiza yenyewe mtegoni. Waliitia nanga katikati ya mto, ng'ambo ya Lubunga, wakawakataza mabaharia kushuka mpaka watakapohitajiwa. Bunduki zilikuwa kando zote mbili. Papa aliweza kuona ukingo wa kwao, hata wanawake wakifua, na hakuweza kwenda. Hofu yake haikuwa njaa. Waasi walikuwa wakiwatafuta watu wa kalamu, kila aliyesoma na kujua Kifaransa, na waliokamatwa hawakuonekana tena. Melini mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja: Hubert.

Basi walitaniana. Kila baada ya kula, kila mmoja alitakiwa kusema atajilinda na nini siku waasi watakapopanda melini.

“Miye nitabapikia,” alisema Papa Arthur. “Bakikula chakula yangu, vita iko mwisho.”

“Ile ni kweli,” akajibu Hubert. “Sisi tunaikula, na angalia vile tuko.”

Camille, mfunga kamba, alisema ataruka majini.

“We unajua kuogelea?”

“Hapana. Lakini habatanikamata!”

Zamu ya Papa ilipofika alisema atawakumbatia. Walicheka hadi wakashikana mbavu, kwa sababu wote walijua sharti la wale wapiganaji. Mganga wao aliwanyunyizia maji ya dawa ili risasi isiwaingie, na aliyenyunyiziwa hakuruhusiwa kuguswa na mtu asiye na dawa. Akiguswa tu, dawa imekufa. “Alors,” alisema Papa, “silaha yangu iko hii mikono mbili.”

Siku ya kucheka iliisha mwezi wa Septemba. Mkubwa mmoja wa waasi alifika na vijana wake katika mtumbwi, saa sita mchana, akauliza: “Mécanicien iko wapi? Ule anasomaka?” Mtu wa nchi kavu alikuwa amelitaja jina la Hubert. Papa alimwendea mdogo wake, akamkumbatia kwa nguvu. Papa Arthur akaja akamkumbatia Papa, Camille akafuata, na hatimaye mabaharia wote wakawa fungu moja, Hubert ndani kabisa. Wapiganaji walizunguka wakipiga kelele, lakini hakuna aliyetia mkono. Kuwapiga risasi wote kulimaanisha meli bila watu, na mkubwa yule aliitaka meli imletee wenzake toka Basoko.

“Bon, mubaki vile vile,” akasema. “Mutachoka.” Akaketi kuwangoja.

Walibaki hivyo jua lote la mchana. Mle ndani ya fungu, sauti ya Papa Arthur ikasikika: “Nani hakuoga?”

“Sisi wote, papa,” akajibu Hubert. “Tulikuwa na pesa ya sabuni, ukanunua chumvi.”

Wakacheka huku machozi yakiwatoka, na hawakuachana. Jioni mvua kubwa ilinyesha, mkubwa yule akatukana, akasema kumbe meli haiendi bila mekanisiani, akaondoka. Tangu hapo hakumtafuta tena Hubert. Lakini aliwalazimisha kusafiri, na kila safari ilianza kwa mkono wa Hubert kuwasha mashine.

Mwishoni mwa Novemba askari wa serikali waliutwaa tena mji. Mabaharia waliimba walipowaona wakija. Askari walipanda melini, wakauliza swali moja: ni nani aliyekuwa akiiendesha mashine iliyobeba waasi? Walipomvuta Hubert, Papa alimkumbatia tena, na wenzake wakaanza kusogea. Ila askari hao hawakuwa na dawa ya kuharibika. Walimgusa kila mtu. Walivipiga vidole vya Papa kwa kitako cha bunduki, kimoja kimoja, na Hubert ndiye aliyemwomba kaka yake: “Achilia, yaya. Utapoteza mukono.” Papa hakuachilia. Vidole ndivyo vilivyoachilia. Walimpeleka Hubert nchi kavu, na hakuna aliyemwona tena, wala mwili wake.

Papa alirudi kwao, akaketi nje ya ua, akakataa kupiga hodi. Mama Safi alitoka, akautazama mkono ule, akamwinua. “Ingia,” alimwambia. “Mwenzako anakuya nyuma.” Alisema hivyo kumpoza mwanawe, na kwa neno hilo akamfunga maisha. Tangu siku hiyo Papa hakuruhusu matanga ya Hubert. Kumlilia mtu ambaye hujamzika, alisema, ni kumuua wewe mwenyewe.

Mkono ulimzuia kushika tena mti wa kupimia, akapewa kazi ya kupokea kamba bandarini, hadi 1993. Alizitazama nyuso za wote walioshuka, kila meli. Tarehe 8 Aprili 1967 alimwoa Mama Honorine, na kiti cha msimamizi wa bwana harusi kikabaki kitupu. Mama husema: “Niliolewa na wanaume wawili, mumoja tu njo analala ku nyumba.” Papa alikataa uhamisho wa Kinshasa na mshahara mzuri. Juni 2000, mabomu yalipouangukia mji, sote tulikimbia, yeye akabaki nyumbani. “Akikuya, atakuta nani?” Sisi watoto tulichoka, nasema wazi. Tulikuwa na tonton, baba mdogo, ambaye hatukuruhusiwa kumlilia wala kumsahau, na kuna siku nilimchukia.

Kuanzia 2009 Papa alisumbuliwa na presha, kisha figo. Alifariki nyumbani, Tshopo, tarehe 9 Februari 2011, alfajiri. Ameacha mjane, Mama Honorine. Watoto, Évariste, Delphine na mimi. Wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja.

Wengine mtauliza kwa nini mara hii Hubert hakutajwa kati ya walioachwa, kama Papa alivyoagiza katika kila msiba wa nyumba yetu. Siku tatu kabla ya kufa Papa alituita sote, akatuambia: “Sasa munaweza kumulilia. Miye nimechoka kumushika.” Akalia kwanza yeye, kwa sauti, mzee wa miaka sabini na miwili, na sisi tukamkumbatia.

Kwa hiyo, ndugu, leo tunafanya matanga mawili kwenye kaburi moja. Aliyekuja na machozi ya Papa Basile, aongeze ya Hubert. Yamengoja tangu 1964. Wapumzike kwa amani, wote wawili.