Marehemu Wilkister Awuor, Shabiki wa Tuva

Mchungaji, ndugu wa Kenya na wa Kongo, majirani wa Farsta, na nyinyi mlioomba ruhusa kazini ili mfike hapa: naitwa Maryanne Ogutu, wifi ya marehemu. Mumewe, Cliff, alikuwa kaka yangu. Natalie, binti yao, amenisihi nisome mazuri tu. Nitasoma yaliyokuwa, na mazuri yamo.

Marehemu Wilkister Awuor Ogutu alizaliwa tarehe 14 Julai 1959 huko Kendu Bay, mtoto wa nne wa mzee Boniface Odera na mama Rusalia. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba siku ya ubatizo mtoto alimkamata mchungaji ndevu, akakataa kuziachia mpaka wimbo ukaisha. Alikuwa mbishi tangu hapo. Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya wasichana ya misheni, akamaliza kidato cha nne mwaka 1977. Alisomea ualimu wa chekechea Kisumu na akafundisha huko kwa muda. Wanafunzi wake wawili wamepiga simu juzi kutoka Nairobi. Ni watu wazima sasa, na walilia kwenye simu.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na kaka yangu, aliyekuwa amerudi likizo kutoka masomo ya uhandisi hapa Stockholm. Wilkister alimfuata Januari 1988, akafikia katikati ya theluji na viatu vya wazi. Natalie alizaliwa mwaka 1991. Mimi nilikuja mwaka 1995, nikalala kwenye sofa yao ya Farsta hadi nilipopata kwangu, na sikuwahi kuulizwa nitaondoka lini. Cliff alikuwa mtu wa kukubali. Ukimuuliza kama chakula kina chumvi, anasema kiko sawa, hata kama chumvi haijaingia kabisa. Alifariki tarehe 3 Mei 2013. Kaburi lake tuliliandikisha kwa majina mawili, la Wilkister na langu, maana hapa hakuna anayelazwa kaburini bila sahihi ya mwenye haki nalo. Wilkister alipokufa, sahihi iliyobaki ni yangu. Kwetu mke hulala kando ya mumewe, lakini lazima awe amebaki mke wake. Na ndiyo maana nilikuwa na maswali.

Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kuwatunza wakongwe katika nyumba ya wazee hapo Farsta. Mwaka 2014 mwenzake wa kazini, Inès, alishindwa kwenda kutazama baleti, akampa tiketi yake. Wilkister alienda ili kiti kisipotee bure. Alirudi usiku huo akaketi jikoni na koti mwilini. Nilimuuliza kuna nini, akasema, “Maryanne, kuna msichana amekufa kule, na mimi sikubaliani na alivyokufa.”

Mchezo wenyewe, unaochezwa bila maneno, ni huu, kwa wasioujua. Binti wa mwenye kinu anapendana na afisa wa jeshi, naye afisa anaahidi kumwoa. Jioni ya harusi binti anawasha taa dirishani, mlango unafunguka, afisa anaingia akiwa na bibi harusi mwingine. Binti anacheza mara ya mwisho, moyo unapasuka, anakufa. Kila msimu wachezaji wawili hupokezana nafasi hiyo. Ebba humcheza binti asiyejua chochote mpaka mlango ufunguke, na huanguka kama mtu aliyepigwa. Tuva humcheza binti anayejua kitambo, ila anawasha taa hivyohivyo. Kumbe kuna watu wanaokwenda kuwatazama wote wawili, kisha wanabishana kama watu wa mpira. Wilkister akawa wa Tuva.

Wa Ebba alikuwa mzee Édouard, huyo aliyevaa koti la kijivu. Ni mtu wa Bukavu, fundi wa lifti mstaafu, anakaa Tumba, alifiwa na mkewe zamani. Walikutana kwenye viti vya juu kabisa, vile vya bei ya chini, wakasikiana wakinung'unika kwa Kiswahili. Basi tangu siku hiyo wakawa wanakaa pamoja. Wakati wa mapumziko walisimama kwenye dirisha linalotazama maji, Wilkister na chupa yake ya chai ya tangawizi, na ubishi ukaanza.

Sasa mimi nifikiri nini? Mjane wa kaka yangu anapaka rangi ya mdomo ambayo hata kanisani haipaki. Anacheka na simu. Nikiingia, anasema, “Haya, tutaonana Alhamisi,” anakata. Nilitega sikio, sikatai. Na kilichonifikia sikioni kilikuwa kibaya zaidi. Siku moja jikoni kanisani, Skärholmen, alikuwa akiongea na simu huku anaosha vikombe: “Ebba alikufa vibaya mno. Lakini Tuva jana amekufa mpaka nikashindwa kupumua. Keshokutwa anakufa tena, usikose.” Akina mama wote wakageuka. Mmoja aliweka sufuria chini polepole, kama inaweza kulipuka.

Juma lililofuata walimwendea nyumbani, kundi zima la maombi, kukemea roho ya mauti. Wilkister aliwaandalia chai na chapati, akawaacha waombe mpaka wachoke. Kisha akasema, “Asanteni. Tuva anakufa kesho saa moja jioni, na tiketi bado zipo.” Wawili walienda. Mmoja wao ni wa Ebba mpaka leo.

Roho ya mauti niliiondoa moyoni, lakini Édouard nilimbakiza. Nilimuuliza Natalie, akanijibu kwa Kiswidi kwamba mama yake ni mtu mzima. Jibu gani hilo? Nikaona na yeye kuna anachoficha. Hata baiskeli ya mtoto ikiegeshwa karibu na mlango wao nilikuwa nauliza ni ya nani.

Mwaka jana mwezi wa Septemba Wilkister alipatikana na saratani ya ini, na ilikuwa imeshakwenda mbali. Alichagua kutunzwa nyumbani, naye aliyekuwa amewaosha wazee wa wengine akaoshwa na wasichana aliowafundisha kazi. Édouard alikuwa akija na supu. Mimi nilikuwa nakaa hapohapo chumbani mpaka aondoke.

Jumamosi tarehe 18 Januari Tuva alikuwa anacheza mara ya mwisho msimu huu. Wilkister hakuweza hata kuketi. Akanipa tiketi yake. “Nenda unitazamie, wifi. Uje unieleze anavyokufa.” Nilikubali haraka sana, na najua alijua kwa nini.

Nilikaa kando ya Édouard. Yule Tuva sikumtazama hata dakika moja, nilimkazia macho mzee huyu. Nilitazama mikono yake, nilitazama kama anakigusa kiti cha Wilkister kwa namna yoyote. Wakati wa mapumziko alinimiminia chai, chai yake mwenyewe, haikuwa na tangawizi. Akasema, “Mama, weye unaona aje? Ule mutoto anajua, ao hajui?”

“Naona vizuri tu,” nikasema.

“Miye nasema kila siku, kama anajua mbele ya mulango kufunguka, hiyo si mapendo. Hiyo ni polisi.”

Aliponiambia neno polisi niliona kama ananisema mimi. Nikanywa chai yangu.

Nilirudi Farsta nikamkuta Wilkister macho. “Alikufaje?”

“Vizuri.”

“Vizuri vipi? Mkono wa kulia aliufanya nini?”

Alinitazama, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka nikamshika mgongo. “Wifi, ulikuwa unamtazama Édouard!”

“Ndiyo,” nikasema. “Na nitamtazama tena.”

“Basi nipe za Édouard. Alilia?”

“Alilia.”

“Kabla ya mlango, au baada?”

Nikafikiri vizuri, maana hilo nilikuwa nimeliona. “Kabla. Msichana alikuwa bado anahangaika na taa.”

Wilkister alifumba macho, na uso wake ukafurahi kuliko siku yoyote tangu Septemba. “Tuva amempata,” akasema. “Miaka yote hii anakataa. Leo amelia kabla ya mlango.”

Hapo nikaona siwezi kungoja tena. Nikamuuliza waziwazi: “Wilkister, wewe na huyu mtu mna nini? Niambie, nijue pa kukulaza.”

Hakukasirika. “Hajawahi kunishika hata mkono, Maryanne. Lakini siku asipokuja, mchezo siuoni vizuri. Hilo liite unavyotaka.”

Nimeligeuza jibu hilo huku na huku, na sijaridhika nalo. Marehemu alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, asubuhi, Natalie na mimi tukiwa tumemshika miguu, kwa sababu alisema ina baridi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Wakati wa matanga Édouard alikaa kwenye kiti kilicho karibu na viatu. Nilimwita jikoni nikafunga mlango, nikamuuliza swali lilelile. Alisema, “Mama, miye nilikuwa nabishana naye tu. Sasa nitabishana na nani?” Akalia, mtu mzima, ameshika taulo yangu ya vyombo. Nilimtazama vizuri. Sikuona uongo, na nilikuwa nimeutafuta.

Marehemu ameacha binti yake Natalie na mkwewe Liam, wajukuu Tove na Odera, dada zake wawili Kendu Bay, na mimi wifi yake. Ameacha pia mzee Édouard. Natalie alitaka niandike “rafiki wa familia”, lakini mimi hakuwa rafiki yangu, na uongo sitauchapisha. Nimeandika jina lake bila kuongeza kitu, na leo nimemweka safu ya kwanza, kando yangu, ambapo ninamwona.

Kuhusu kaburi, watu wameniuliza, basi nawajibu hapa mbele ya wote. Nimetia sahihi. Sikutia kwa sababu nimepata nilichokuwa natafuta. Nimetia kwa sababu kwa miaka kumi nilimchunguza mwanamke huyu, kila simu, kila rangi ya mdomo, na nilipomaliza kuchunguza niliona kwamba hakuna mtu mwingine duniani niliyemtazama kwa makini hivyo, wala niliyempenda hivyo, na nilimwambia nusu tu ya hayo, ile nusu mbaya. Ile nyingine naisema sasa: Wilkister, nilikupenda. Lala kando ya mume wako, na Mungu akupe amani.