Jina Nililoliita "Yule"

Ninyi vijana mtakaosoma haya, nawaamkua katika jina la Bwana aliyenifungua kinywa. Mimi ni bibi wa Mwika, shule niliishia darasa la nne. Macho yangu yameingia ukungu, kwa hiyo mimi nasema, naye mjukuu wangu Glory, mtoto wa mwanangu wa kiume, anaandika. Nimemwambia asinipambe.

Ndugu zangu, nilikuwa mzee wa kanisa, naimba kwaya, na nilikuwa nimefungwa moyoni. Binti yangu wa pekee alichelewa mazishi ya baba yake. Alifika kaburi limeshafunikwa, watu wanakula. Sikumwuliza kilichomchelewesha. Nilisimama mlangoni mbele ya ukoo mzima nikamwambia arudi alikotoka. Akageuka na begi lake.

Toka siku hiyo jina lake halikutajwa kihambani kwetu, hapa penye nyumba na migomba yetu. Tulisema "yule". Yule yuko Tarakea, yule anauza maharage mpakani. Tarakea, ndugu zangu! Mlima huu huu, sisi upande huu, yeye upande ule. Kila asubuhi nikikata majani ya ng'ombe nilielekeza uso huko, na miaka tisa sikwenda. Niliomba sana. Lakini hata mbele za Mungu nilisema "yule".

Mwaka huu Glory alirudi kutoka chuoni na kazi yake ya kompyuta. Anatengeneza programu ya simu kwa ajili ya wazee wasioona na wasiojua kusoma. Hubonyezi kitu, unasema tu, simu inafanya. Akaniwekea niijaribu. Nikasema, "Mpigie mchungaji." Ikajibu sauti ya kike, "Sijaelewa. Rudia."

"Huyu binti ni wa nani, ananiamuru bila shikamoo?"

Glory alicheka mpaka akakaa chini. "Si mtu, bibi. Ila nitamfundisha adabu."

Akamfundisha kweli, ikawa inaanza na shikamoo. Nikazoea. Nikampigia mchungaji, nikampigia bwana mifugo. Mchana mmoja nimebaki jikoni peke yangu, nikaisogeza mdomoni, nikasema polepole, "Mpigie yule."

"Shikamoo, bibi. Sijaelewa. Taja jina."

"Yule wa Tarakea."

"Taja jina."

Nikaitupa kwenye kiti. Kumbe Glory yuko mlangoni, amesikia yote. Safari hii hakucheka. Akanieleza kwamba programu yake inawajua akina Maria na Yohana, majina ya Kichagga bado. Namba ya shangazi yake anayo, ila ili simu ilijue jina lake, lazima ilisikie mara ishirini.

"Basi sema wewe," nikamwambia.

"Nikisema mimi itanielewa mimi. Wewe je, bibi?"

Nilikaa pale mpaka mtori wa ndizi ukashika chini ya sufuria. Kisha nikasema: Aikaruwa. Kwa lugha yetu ni kumshukuru Mungu, na jina hilo nilimpa mimi mwenyewe siku aliyozaliwa. Lilitoka kama kikohozi.

"Tena, bibi."

Aikaruwa.

"Tena."

Mara ya saba nikalia. Glory hakuzima. Alisema hata sauti ya kilio iingie, kwa sababu hajui siku nitakayompigia nitakuwa katika hali gani. Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana alipoikata kamba yangu. Nilifika ishirini nikaendelea, mpaka Glory akasema inatosha, nami nikaendelea.

Halafu nikasema, "Mpigie Aikaruwa."

Ikaita. Nikasikia kelele za soko, kisha sauti yake, imekuwa nzito. "Nani mwenzangu?" Sikuweza kusema ila jina lake. "Mae?" akasema, ndiyo mama kwa lugha yetu.

"Nilikukosea, mwanangu. Njoo nyumbani."

Akajibu, "Nitakuja, Mae. Ila usinihesabie siku."

Sihesabu. Lakini kila gari likipanda huku nasikiliza kama litasimama. Namshukuru Mungu hata kwa kungoja huku, maana zamani nilijinyima hata wa kumngoja. Wewe kijana uliyefukuzwa, na wewe mzazi uliyefukuza, mtumainie Bwana. Ukipiga magoti usimfiche mtu wako, mtaje.

Leo nimewaita wote wa nyumba yangu nikawaambia: toeni magunia chumbani kwake, fueni mashuka, na akifika mtu asimwulize neno. Apewe maji, apewe chakula, aachwe alale.