Aliyekizima Kinu

Ndugu, jamaa na majirani, familia inaomba mtusikilize kidogo kabla hatujamsindikiza baba yetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, na alikuwa na mdogo mmoja tu wa kike, ambaye baba alimbeba mgongoni kila mahali hadi wenzake wakambandika baba jina la Yaya, jina ambalo hakulikataa. Alisoma shule ya msingi ya reli, kisha sekondari ya wavulana, na mwaka 1980 akahitimu fizikia katika chuo cha ufundi.

Tarehe 3 Agosti 1981 aliajiriwa na shirika la taifa la utafiti wa sayansi ya nyuklia, akapanda hadi kuwa mkuu wa zamu katika chumba cha kuongozea kinu cha nyuklia, chumba kisicho na dirisha, chenye viti vilivyochanika na taa za kijani, na majirani walipomtania kwamba anaunda mabomu aliwajibu, "Bomu langu hata chai halichemshi," maana kinu kile kilikuwa cha utafiti, na humo zilitoka dawa za mionzi zilizopelekwa hospitali kila wiki. Tarehe 14 Desemba 1985 alimwoa mama yetu, mwalimu wa hisabati, wakatuzaa sisi watatu.

Mwaka 2003 shangazi yetu, yule mdogo wake, aliugua saratani iliyoingia kwenye mifupa, na madaktari wakasema dawa ya mionzi haitamponya ila itamtuliza maumivu, na dawa hiyo ilikuwa bado inaandaliwa ndani ya kinu cha baba. Wiki hiyohiyo baba aliona maji ya kupozea kinu yanapungua kidogo kidogo, na wenzake, waliomwonea huruma, wakamsihi, "Mkuu, tuvute mpaka Ijumaa, dawa ya dada itoke kwanza." Akawajibu, "Nikifumba macho kwa ajili ya mdogo wangu, nitayafumbua kwa ajili ya nani?" Akakizima. Mafundi walikuta bomba limepasuka, ukarabati ukachukua miezi, dawa iliyoagizwa nje ikachelewa, na shangazi akafariki tarehe 22 Oktoba kwa maumivu makali. Makaburini shemeji yake, mume wa shangazi, alimwambia mbele ya watu, "Umemzima pamoja na kinu chako," na tangu siku ile hawakusemeshana.

Baba hakujuta kukizima kinu. Alichojuta, na alimwambia mama mara nyingi, ni kwamba wiki zile zote alijifungia kazini kwa kisingizio cha ukarabati, akaona haya kumtazama mdogo wake usoni, hata mara moja hakwenda kukaa kando ya kitanda chake.

Alistaafu mwaka 2016. Mwaka 2020 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara kadhaa, na siku chache zilizopita shemeji aliingia wodini bila kuitwa, akavuta kiti akakaa, na baba akauliza, "Alinilaumu?" Shemeji akasema, "Kila jioni alikuwa anauliza kama Yaya ameshakula. Nilikuwa na hasira, shemeji, sikukuambia." Baba aligeukia ukutani akalia, na shemeji akamshika mkono hadi muuguzi alipokuja kumwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Baba alifariki siku mbili baadaye, tarehe 6 Juni 2021, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliolala nasi msibani, wafanyakazi wenzake wa kinu waliolibeba jeneza, na shemeji, aliyekuja, ingawa yeye na baba wangependa sana kama angekuja mapema.

Sasa pumzika, baba, kwa amani uliyocheleweshewa.