Dkt. Lukasi Ponsiano na Mapigo ya Moyo wa Jabiri

Marehemu Dkt. Lukasi Ponsiano Mhina alizaliwa Handeni tarehe 9 Mei 1982, mtoto wa tatu wa mzee Ponsiano, aliyewahi kukata mkonge kabla ya kulima. Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha sekondari mjini Korogwe. Mama yake husimulia kwamba utotoni alilaza sikio ubavuni mwa kila mbuzi, halafu akatangaza yupi ana hofu.

Chuo kikuu jijini Dar es Salaam alisomea vifaa tiba, na baadaye akabobea katika utafiti uliowachekesha ndugu. Aliwafunga watu vipimo vidoleni na kifuani wakicheza gemu, akasoma jasho na mapigo ya moyo ili ajue wanavyojisikia hasa.

"Miaka yote hiyo ya shule, ukaangalie watu wanacheza?" kaka yake Adamu alimuuliza.

"Mtu atakuambia haogopi," alijibu, "lakini kiganja kimelowa."

Tarehe 17 Desemba 2011 alifunga ndoa na mwalimu Paulina. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2019 alikuwa akipima wachezaji katika kibanda cha gemu Masuguru, akaingia mama mmoja, Faudhia. Kaka yake Jabiri, dereva wa lori, alipata ajali karibu na Hale, na kwa miaka mitatu hakusema neno wala kutikisa kidole. Majirani walishamwambia amwachie Mungu, mtu hayupo tena.

"Daktari, chombo chako kinampima hata asiyecheza?" Faudhia aliuliza.

Lukasi alibeba runinga mpaka kwao. Faudhia, ambaye hakuwahi kushika pedi ya kuchezea gemu, aliendesha gari la kwenye gemu huku Jabiri amelazwa pembeni, ameelekezwa runinga, na vipimo vimefungwa mwilini. Kwenye kona ya daraja gari lilitumbukia. Kwenye chombo, mstari wa mapigo ya Jabiri ulikuwa umepanda.

"Rudia, dada."

Alirudia mara tano. Kila mara mstari ulipanda kabla gari halijafika konani.

"Anaijua kona," Lukasi alisema. "Anakuonya."

Faudhia aliweka pedi chini, akakikumbatia kichwa cha kaka yake. "Kumbe ulikuwepo!"

Lukasi alitoka nje, akakaa kwenye kizingiti muda mrefu bila kuweza kuandika. Madaktari walipoletewa matokeo ya vipimo vile walianza kumfundisha Jabiri upya kuwasiliana, na baada ya miezi minne aliweza kujibu ndiyo na hapana kwa kope.

Agosti 2024 Lukasi aligundulika na saratani ya ini. Siku mbili za mwisho hakuweza kuitika. Muuguzi alimshauri Paulina akapumzike, kwani mgonjwa hasikii.

"Mume wangu hakunifundisha hivyo," alisema, akaendelea kumsimulia habari za nyumbani, shule na mvua, mpaka alfajiri ya tarehe 3 Februari 2025 alipokata roho.

Ameacha mjane, mabinti Dafrosa na Editha, mama mzazi na ndugu wanne.

Bwana ampokee, ampe pumziko la amani.