Historia ya Johnstone Wakoli, Fundi wa Sabuni wa Yamumbi

Mliofika hapa Yamumbi kumsindikiza, mnaombwa msikilize mpaka mwisho, hata nyinyi mliokuja na maneno yenu tayari.

Johnstone Wakoli alizaliwa Kimilili tarehe 22 Agosti 1984, kifungua mimba wa Mama Tryphosa na marehemu Mzee Jackson, akafuatwa na mdogo wake Walubengo. Alimaliza shule ya msingi hapo Kimilili mwaka 1998, na kidato cha nne mwaka 2002, ambapo somo alilopita vizuri lilikuwa moja tu, kemia.

Mwaka 2004 alikuja Eldoret, akabeba magunia kwenye kiwanda cha sabuni hadi 2011, kisha akaanza kupika sabuni yake mwenyewe hapa nyumbani. Kostiki, yale magadi makali ya sabuni, aliijua kuliko alivyojua ndugu zake, kwamba ndiyo hutiwa kwenye maji, wala si maji kutiwa juu yake, kwa sababu huchemka ikakurukia usoni, kwamba hutoboa sufuria ya alumini, kwamba ikikutana na mafuta huyageuza sabuni, na mwili wa mtu nao una mafuta. Ndiyo aliyozibulia mabomba ya jikoni kule mtaa wa Elgon View, na hakuna mteja aliyewahi kuunguzwa.

Alifunga ndoa na Seline Musimbi tarehe 11 Desemba 2010, wakapata Joy mwaka 2012 na Ronnie mwaka 2016.

Jumanne tarehe 4 Machi 2025 ndoo yake ilipasuka, akaimimina kostiki iliyobaki kwenye chupa ya maji ya kunywa, jambo ambalo alikuwa akigombeza watu kwa ajili yake kila siku, maana ikishayeyuka haina rangi wala harufu. Saa saba mchana alitoka juani na kiu, akashika chupa hiyo, akameza mafunda mawili. Seline alikuwa sokoni mjini tangu asubuhi. Aliyekuwa karibu ni Walubengo, akamnywesha maji ya chumvi, akamtia vidole kooni atapike, na daktari alitueleza baadaye kwamba kostiki humchoma mtu ikishuka, na humchoma tena ikipanda.

Alilazwa siku kumi, koo limeungua, hawezi kuongea. Jumapili tarehe 9 aliomba daftari la Joy, akaandika, "Mama, ni mimi niliweka kwa chupa. Seline asisumbuliwe." Walubengo alikuwa kando ya kitanda, akasoma, akatoka nje. Wakoli alifariki Ijumaa tarehe 14, saa nne asubuhi.

Jioni hiyo Walubengo aliambia mkutano wa mazishi kwamba Seline alimpa mumewe sumu, asikaribie jeneza wala asimwage udongo, na baadhi yenu mkaitikia. Karatasi iko hapa mezani, anayejua kusoma aje asome. Mama hasemi Walubengo alimuua ndugu yake, maana alitaka kumwokoa na hakujua, lakini kutojua kwake hakutabebeshwa mjane.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu Kipkorir aliyetoa gari bila kuuliza swali, na mafundi wenzake wa sabuni. Mliokuja kula na kunong'ona, chakula mmekipata.

Udongo wa kwanza utamwagwa na Seline, kisha watoto, na Walubengo atamwaga akishamwomba shemeji yake msamaha kwa mdomo wake, hapa, mbele ya watu hawa hawa.

Wakoli, pumzika. Kazi iliyobaki ni yetu.